Huduma Iliyoitangulia Rauta: Uchambuzi wa Kisa cha Ghala la Samaki Mombasa

Kisa hiki kinahusu kompyuta ndogo ya Linux, aina ya Raspberry Pi 4, iliyofungwa katika ghala la samaki karibu na Bandari ya Kale, Mombasa, kwa kazi moja tu: kupima joto la vyumba viwili vya baridi kila dakika, kuandika vipimo hivyo, kuvituma kwenye seva iliyo nje ya ghala, na kumpelekea mwenye ghala ujumbe wa simu joto linapopita kiwango. Programu yenyewe, iliyoandikwa kwa Python, haikuwa na ila ilipokuwa ikifanya kazi. Taabu ilikuwa katika kuanza kwake. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta iliwaka yenyewe na taa yake ya kijani ikameta kama kawaida, lakini hakuna kipimo hata kimoja kilichoandikwa mpaka mtu afike na kuianzisha programu kwa mkono. Mwenye ghala huuza samaki wa kugandishwa kwa hoteli za pwani ya kaskazini, na wanunuzi wa namna hiyo hutaka kuona kwa maandishi kwamba samaki amekaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kumbukumbu yenye pengo baada ya kila kukatika kwa umeme humnyima maelezo katika saa zile zile ambazo mnunuzi ana haki ya kuziulizia.

Fundi wa awali alikuwa ameshalishughulikia jambo hilo, na hakulishughulikia kwa uzembe. Alitoa amri ya `sudo reboot`, kompyuta ikazima na kuwaka, na programu ikaanza bila kusita. Akarudia mbele ya mwenye ghala, nayo ikaanza tena. Akahitimisha kwamba huduma, yaani programu inayoanzishwa na kusimamiwa na mfumo wenyewe, imewekwa sawasawa na kwamba tatizo ni umeme unaorudi kwa kishindo, akashauri inunuliwe stebilaiza. Stebilaiza ikanunuliwa, na mapengo yakaendelea. Hata hivyo, majaribio yake yalitupa jambo la thamani kubwa, ijapokuwa yeye hakulitumia: programu huanza kila mara kompyuta inapowashwa upya kwa amri, na haianzi kamwe umeme unaporudi baada ya kukatika. Tofauti ikiwa thabiti kiasi hicho, kazi ya mchunguzi hupungua sana, kwa kuwa humbidi atafute tu ni kitu gani katika chumba kile hubaki kikiwaka wakati wa `reboot` na huzimika pamoja na kompyuta umeme unapokatika.

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba mwenye ghala kwamba umeme ukikatika tena na kurudi, kompyuta isizimwe wala isichomolewe, iachwe ilivyo hata kama haiandiki kitu, mpaka nifike. Programu ya systemd, ambayo ndiyo mchakato wa kwanza kuanza katika Linux nyingi za leo na ndiyo inayoanzisha huduma nyingine zote, huweka shajara ya kila huduma, lakini mahali pa kuhifadhi shajara hiyo hutegemea mpangilio. Kwa mpangilio wa kawaida, saraka ya `/var/log/journal` ikiwapo, shajara huandikwa diskini na kudumu. Isipokuwapo, hukaa chini ya `/run`, yaani kwenye RAM, na hupotea kompyuta inapozimwa. Katika kompyuta hii haikuwapo. Kila aliyefika baada ya umeme kurudi alikuwa akianza kwa kuchomoa plagi na kuichomeka tena, na kwa kitendo hicho alikuwa akifuta habari zote za dakika za kwanza, ambazo ndizo zilizokuwa zikitakiwa. Niliiunda saraka hiyo, nikaianzisha upya huduma ya `systemd-journald`, kisha nikangoja umeme ukatike. Sikungoja sana.

Katika kungoja nililisoma faili la huduma, lililokuwa `/etc/systemd/system/kinasa.service`, na lilikuwa hivi:

```
[Unit]
Description=Kinasa joto cha ghala
After=network.target

[Service]
ExecStart=/usr/bin/python3 /home/ghala/kinasa/kinasa.py
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Anayelisoma kwa haraka haoni ubaya ndani yake. Njia ya programu imeandikwa kikamilifu kuanzia mzizi, sehemu ya `[Install]` ipo, na kuna agizo la kuianzisha tena programu kila inapokufa. Amri ya `systemctl is-enabled kinasa` ilijibu `enabled`, maana yake ni kwamba kiungo cha faili hilo kilikuwa kimewekwa ndani ya saraka ya `multi-user.target.wants`, na kwa hiyo systemd ilikuwa na agizo la kuianzisha huduma kompyuta inapowaka. Hapo ndipo wengi huishia, wakidhani kwamba agizo la kuanza ni dhamana ya kuendelea kuwa hai. Agizo hilo huahidi jaribio tu. Huduma ikiamka na kukuta vitu inavyovihitaji havijafika, litakaloipata litategemea mistari mingine kabisa.

Umeme ulipokatika na kurudi, nilikuta kompyuta imeachwa kama nilivyoomba. Amri ya `systemctl status kinasa` ilionyesha `failed`, na `journalctl -u kinasa -b`, inayotoa shajara ya huduma hiyo tangu kompyuta ilipowaka mara ya mwisho, ilirudia kosa moja mara tano kisha ikanyamaza. Mwisho wake ulisomeka hivi:

```
socket.gaierror: [Errno -3] Temporary failure in name resolution
kinasa.service: Main process exited, code=exited, status=1/FAILURE
kinasa.service: Scheduled restart job, restart counter is at 5.
kinasa.service: Start request repeated too quickly.
kinasa.service: Failed with result 'exit-code'.
```

Mstari wa kwanza unaeleza kifo cha programu: ilipoanza tu iliuliza anwani ya seva kwa jina, haikupata wa kuijibu, na kwa kuwa mwandishi wake hakuweka namna yoyote ya kulivumilia kosa hilo, ikafa hapo hapo kabla ya kusoma joto hata mara moja. Mstari wa nne unaeleza kwa nini haikufufuka, na huo ndio unaostahili kukaliwa.

Agizo la `Restart=always` husomwa na wengi kwa maana ya juu juu, kwamba huduma itaanzishwa tena daima. Lakini systemd ina kikomo kinachozuia huduma mbovu isiichoshe kompyuta kwa kufa na kufufuka bila mwisho. Usipoandika chochote, kikomo hicho ni kuanza mara 5 ndani ya sekunde 10. Ikipita hapo, huduma hutangazwa kuwa imeshindwa na huachwa mpaka mtu aianzishe mwenyewe. Papo hapo, muda wa kusubiri kati ya kifo na ufufuo, usipoandikwa, ni milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiviweka viwili hivyo pamoja utaona kilichotokea ghalani: programu ilihitaji kama sekunde moja kuanza na kufa, ikasubiri sehemu ya kumi, ikaanza tena na kufa tena, na kabla sekunde 10 hazijatimia ilikuwa imekwisha kuzitumia nafasi zake zote tano. Kuna kinaya hapa. Lau programu hiyo ingekuwa nzito kidogo, ikachukua sekunde tatu kila mara kabla ya kufa, isingefika mara tano ndani ya sekunde 10, kikomo kisingeguswa, nayo ingeendelea kujaribu mpaka mtandao upatikane, na pengine kisa hiki kisingekuwapo. Wepesi wake wa kufa ndio ulioifungia mlango.

Kilichobaki ni kujua kwa nini mtandao haukuwapo, na jibu hilo lilitoka kwa mlinzi wa usiku, mtu mzima ambaye huwapo umeme unaporudi, wakati mafundi wako majumbani mwao. Nilimuuliza, «Mzee, stima ikirudi, wewe huona nini hapa?» Akanionyesha rauta iliyokuwa juu ya rafu, imechomekwa kwenye soketi moja na kompyuta. «Fundi, mashine yako huwaka mbele. Hiki kisanduku cha intaneti ndicho huchelewa, taa yake hukaa nyekundu hata birika langu la kahawa likachemka.» Katika sentensi mbili alikuwa ameeleza tofauti iliyompita aliyekuja na stebilaiza. Mtu anapotoa amri ya `reboot`, rauta huwa inaendelea kuwaka na mstari wake uko hewani, kwa hiyo kompyuta huamka na kuukuta mtandao umeshakaa tayari. Umeme unapokatika, vyote viwili huzimika na kuanza safari pamoja, na kompyuta, ambayo humaliza kuwaka kwa chini ya nusu dakika, humtangulia mwenzake kwa mbali. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 na ile ya EASSy mwaka 2010, hivyo ghala hili liko karibu sana na mlango ambao intaneti huingilia nchini. Ukaribu huo hauifanyi rauta ya bei nafuu iwake upesi zaidi.

Swali linalofuata ni la haki: je, faili la huduma halikusema `After=network.target`, yaani lianzishwe baada ya mtandao? Lilisema, ila jina hilo huwapoteza watu. Kila `target` ni lengo, yaani hatua ya kuwaka ambayo huduma huweza kupangwa kabla au baada yake. Kufikiwa kwa `network.target` hakumaanishi kwamba kompyuta imepata anwani wala kwamba ina njia ya kutoka nje. Humaanisha tu kwamba programu inayosimamia mtandao imekwisha kuanza. Faida yake kubwa ni wakati wa kuzima, kwa sababu mpangilio wa kuzima huwa kinyume cha ule wa kuwaka, na huduma iliyowekwa baada yake hupata kufungwa kabla mtandao haujaondolewa. Kwa anayetaka kusubiri muunganisho kuna `network-online.target`, inayopaswa kutajwa mara mbili, kwenye `Wants=` ili iitwe na kwenye `After=` ili isubiriwe. Wengi hutaja moja tu. Ukiandika `After=` peke yake, na pasiwepo huduma nyingine inayoiita, hakuna kitakachosubiriwa.

Dawa hiyo ndiyo ambayo kila anayeulizwa huitoa kwanza, na mimi sikuitaka iwe dawa ya kisa hiki, kwa sababu mbili. Kwanza, kusubiri kwake kuna mwisho. Huduma inayosubiri kwa niaba ya lengo hilo hukata tamaa baada ya muda wake kupita, na lengo huhesabiwa kuwa limefikiwa hata kama mtandao haujaja. Zaidi ya hapo, kompyuta huhesabiwa kuwa imeunganika mara inapopata anwani kutoka kwenye rauta, ilhali rauta yenyewe, taa ikiwa bado nyekundu, inaweza kugawa anwani za ndani dakika nzima kabla haijaunganika na nje. Programu ingeamka ikiwa na anwani nzuri kabisa na kufa kwa kosa lile lile la kutolipata jina la seva. Sababu ya pili ni nzito zaidi, na inahusu kazi yenyewe kuliko Linux. Kupima joto la chumba hakuhitaji intaneti. Kulifanya zoezi la kupima lisubiri rauta ni kukubali kwamba siku ambayo mstari umekatika mtaa mzima hakutakuwa na kumbukumbu ya joto, hata kama umeme upo, kihisi kipo na diski ipo. Baada ya umeme kukatika kwa saa kadhaa, dakika zile za mwanzo ndizo hueleza chumba kimepanda joto kiasi gani, na baada ya mashine za baridi kushika kasi habari hiyo huwa haipatikani tena.

Kabla ya kufika kwenye ukarabati, kulikuwa na kasoro nyingine ndogo iliyojitokeza njiani. Amri ya `pgrep -af kinasa.py`, baada ya kompyuta kuwashwa upya kwa amri, ilionyesha nakala mbili za programu zikienda sambamba. Moja ilikuwa ya systemd, na nyingine ilitokana na mstari wa `@reboot` uliosahauliwa ndani ya crontab, yaani orodha ya amri ambazo programu ya cron huziendesha kwa wakati wake, ya mtumiaji `ghala`, masalio ya jaribio la awali kabisa. Njia hiyo ya cron hufanya kazi, kama ilivyofanya kazi miaka mingi ile ya kuandika amri ndani ya `/etc/rc.local` au skripti ndani ya `/etc/init.d`; lakini cron huianzisha programu mara moja na kuisahau, haijui kama imekufa wala haiifufui. Kwa familia ya Debian, mojawapo ya familia za Linux, mambo yalibadilika toleo la 8 lilipotoka mwaka 2015 likiwa na systemd kama mpangilio wa kawaida, na Ubuntu ikafanya hivyo mwaka huo huo katika toleo la 15.04. Nakala hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiandika kila kipimo mara mbili katika faili moja, jambo ambalo mwenye ghala alikuwa ameliona na kulichukulia kuwa ni la kawaida. Mstari wa crontab uliondolewa.

Ukarabati ulianza kwa kuigawa kazi katika huduma mbili. Ya kwanza hupima na kuandika diskini, na haijui kama kuna kitu kinachoitwa intaneti. Ya pili husoma kilichoandikwa, hutuma ambavyo havijatumwa, hutoa tahadhari, na ikishindwa hungoja na kujaribu tena. Faili la huduma ya kwanza likawa hivi:

```
[Unit]
Description=Kinasa joto cha ghala
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
User=ghala
StateDirectory=kinasa
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/kinasa/nasa.py
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wa `StartLimitIntervalSec=0` huondoa kikomo cha kuanza, na `RestartSec=5` huhakikisha kwamba uhuru huo hautumiki vibaya, kwani programu ikiwa mbovu kweli itafufuliwa kila baada ya sekunde 5 na wala si mara kumi kwa sekunde. Mahali pa mstari huo wa kikomo ni ndani ya `[Unit]`. Mtu huweza kuuweka ndani ya `[Service]`, karibu na `Restart=`, kwa kuwa ndipo akili inapoutarajia, na hapo systemd huupuuza na kuandika onyo shajarani ambalo halisomwi na mtu; amri ya `systemd-analyze verify` ikipewa faili hilo hulisema kosa hilo waziwazi kabla ya kufika mbali.

Mistari mingine inahitaji maelezo machache. Faili la zamani halikutaja mtumiaji, kwa hiyo programu ilikuwa ikienda kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, ilhali nakala ya crontab ilikuwa ya mtumiaji `ghala`, na mafaili ya kumbukumbu yalikuwa na wenyewe mchanganyiko; `StateDirectory=kinasa` huunda `/var/lib/kinasa` na kumkabidhi mtumiaji aliyetajwa, hivyo ugomvi wa ruhusa huisha. Mstari wa `PYTHONUNBUFFERED` upo kwa sababu Python, isipoandika kwenye terminali, hurundika maneno yake na kuyatoa kwa mafungu, na shajara huonekana tupu wakati programu inasema mengi. Mtandao haukutajwa popote. Baada ya kuhifadhi faili, amri zilikuwa `systemctl daemon-reload`, ambayo ikisahauliwa systemd huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo kichwani mwake, kisha `systemctl enable --now kinasa`, inayoweka kiungo cha kuanza wakati wa kuwaka na kuianzisha huduma saa hiyo hiyo.

Huduma ya pili ilipewa `Wants=` na `After=` za `network-online.target`, kwa kuwa kwake kusubiri kidogo ni kuokoa majaribio ya bure, lakini uhai wake haukutegemezwa hapo: ilipewa `RestartSec=30` na kikomo kikaondolewa vilevile, na ndani ya programu yenyewe kosa la mtandao likafanywa kuwa jambo la kungojea badala ya jambo la kufia. Sikuifunga na ile ya kwanza kwa `Requires=`, agizo linaloifanya huduma moja itegemee nyingine. Kinasa kikiharibika, ni vizuri vipimo vilivyokwisha kuandikwa viendelee kwenda, na mwenye ghala apate kujua kwamba vipya havijaonekana.

Jaribio la kuthibitisha halikuwa la `reboot`. Kwa ruhusa ya mwenye ghala, na baada ya kutoa amri ya `sync` ili yaliyo kwenye RAM yaandikwe diskini, tuliizima swichi ya ukutani inayolisha kompyuta na rauta kwa pamoja, wakati mashine za baridi zikiendelea kwa mkondo wao, tukaiacha hivyo mpaka watu waliporudi kutoka swala ya adhuhuri, tukaiwasha. Kinasa kiliandika kipimo chake cha kwanza rauta ikiwa bado na taa nyekundu. Mtumaji alishindwa, akangoja, akashindwa, na taa ilipogeuka kijani akatuma vyote kwa mkupuo. Kwa upande wa kuanza, kazi ilikuwa imekamilika.

Lakini jaribio hilo lilifichua ubaya mpya ambao hapo kabla usingeweza kuonekana, kwa kuwa programu haikuwahi kuwa hai katika dakika hizo. Safu ya kwanza baada ya umeme kurudi ilikuwa na saa inayofuatana moja kwa moja na safu ya mwisho kabla haujazimwa, kana kwamba hapakuwa na muda wowote uliopita. Kisha, mtandao ulipofika, saa ikaruka ghafla mpaka wakati halisi. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Inapozimwa haihesabu chochote, na inapowaka mfumo huirudisha kwenye wakati wa mwisho uliohifadhiwa diskini, kisha hungoja intaneti iirekebishe. Tuseme umeme umekatika saa nane mchana na kurudi saa kumi na moja: kinasa kinaamka na kuandika kwamba bado ni saa nane, na kumbukumbu inaonyesha chumba kilichojaa samaki waliogandishwa kimepanda joto nyuzi kadhaa ndani ya dakika moja, jambo lisilowezekana, huku pengo la saa tatu likihamia dakika chache mbele, mahali ambapo halikutokea. Mkaguzi makini angesema kumbukumbu imechezewa, na asingekuwa na sababu ya kuamini vinginevyo.

Kwa upande wa systemd dawa ipo: huduma ya `systemd-time-wait-sync` ikiwezeshwa, huizuia `time-sync.target` isifikiwe mpaka saa irekebishwe, na huduma yoyote inaweza kuwekwa baada ya lengo hilo. Niliikataa kwa hoja ile ile niliyoikatalia `network-online.target`, kwa kuwa ingekirudisha kinasa katika utumwa wa rauta tulimokwisha kukitoa. Tulinunua moduli ndogo ya saa yenye chipu ya DS3231 na betri ya kidonge ya CR2032, tukaifunga kwenye pini za kompyuta, na kuongeza mstari wa `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` katika faili la `config.txt`. Saa hiyo hupotoka kwa takriban dakika moja tu kwa mwaka, na intaneti huirekebisha kila inapopatikana. Tuliongeza pia alama katika kila safu inayoonyesha kama saa ilikuwa imethibitishwa na mtandao au la, kwa sababu betri ya kidonge nayo ina siku yake ya kuisha.

Swichi ilizimwa mara nyingine, safari hii rauta ikaachwa imechomolewa kabisa hata baada ya kompyuta kuwaka. Vipimo viliandikwa kwa saa sahihi, pengo likakaa mahali pake, na mtumaji akaendelea kungoja bila kutangazwa kuwa ameshindwa. Sikutaka kurudia zaidi ya hapo, kwa maana kukatwa umeme ghafla kunaweza kuiharibu kadi ya SD kompyuta inapokuwa katikati ya kuandika, na kadi hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu.

Jambo moja lilibaki bila kutekelezwa. Mwenye ghala alitaka apate ujumbe dakika ile ile umeme unapokatika, ombi ambalo faili la huduma haliwezi kulitimiza, kwa kuwa huduma haiwezi kusema kitu kompyuta ikiwa imezimika. Inahitajika betri ya kuilisha kompyuta na rauta pamoja, na mstari mmoja zaidi katika programu wa kutambua kwamba umeme wa ukutani umeondoka. Tulikubaliana liahirishwe hadi kaskazi, bahari inapotulia na vyumba vyote viwili kujaa samaki. Kwa sasa ni msimu wa kusi, na kimoja kati ya hivyo viwili kimezimwa.